Kutoka nota hadi sauti, na kurudi: programu ipi inaifaa kwaya yako?

Kila Alhamisi baada ya mazoezi simu yangu hupokea ujumbe wa namna moja: "Mwalimu, naomba ya alto peke yake." Kwaya yetu ina waimbaji wapatao 30, na wanaosoma nota hawazidi watano. Waliobaki hushika sauti kwa sikio wakiwa kwenye daladala, jikoni au dukani. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kugeuza karatasi iwe sauti. Mara chache huja kazi ya upande wa pili: wimbo upo kwenye kanda ya kaseti, aliyeufundisha ameshafariki, nota hazionekani, na kwaya inautaka kwa ajili ya jubilei.

Programu za kazi hizi mbili ni nyingi, na karibu zote hujinadi kwa maneno yaleyale: piga picha, bonyeza, sikiliza. Nimetumia kadhaa kwa miaka, nyingine nikaziacha. Nilichojifunza ni kwamba uchaguzi unaanzia kwenye karatasi uliyoishika mkononi. PDF safi iliyotoka kwenye kompyuta ya mtunzi, fotokopi ya fotokopi, nota zilizoandikwa kwa kalamu na karatasi ya sol-fa (nota za herufi: d, r, m) ni kazi nne tofauti, na hakuna programu moja inayozimudu zote.

Kabla ya kuskani chochote, tafuta kwanza kama mwingine ameshaifanya kazi hiyo. Kwa nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, tovuti ya Swahili Music Notes ina nota nyingi za PDF, na nyimbo kadhaa zina faili la midi pembeni. Kwa nyimbo za zamani za Ulaya zisizo na hakimiliki tena, ipo Choral Public Domain Library, iliyoanza mwaka 1998, na huko mara nyingi utapata PDF, midi na faili la programu ya nota iliyotumika kuuandika wimbo. Faili la midi hubeba maagizo tu: piga nota hii, kwa muda huu, kwa nguvu hii. Ndiyo maana ni jepesi sana, na ndiyo maana linafunguka kwenye programu ya nota likageuka maandishi. Ukilipata, nusu ya kazi imeisha.

Programu ya kuandikia: hapa usiyumbe

Njia zote nitakazozitaja zinapita mahali pamoja, yaani programu ya kuandika na kuchezesha nota. Hata ukiwa na skana (programu ya kusoma nota kwenye picha) nzuri kiasi gani, makosa yake utayasahihisha humo. Kwa hiyo chagua hii kwanza.

Mimi nasema MuseScore, na nasema bila kusita. Ni ya bure kabisa, ni programu huria, na haikuwekei kikomo cha idadi ya sauti. Ipakue kwenye musescore.org. Watu wengi huingia musescore.com, wakaombwa malipo, wakadhani programu imeanza kuuzwa. Ile ya .com ni maktaba ya nota za watu na ina malipo yake. Programu yenyewe haina. Vilevile programu ya simu yenye jina hilo ni ya kusoma na kusikiliza, haiandiki nota, kwa hiyo kompyuta huikwepi.

Toleo la 4 lilitoka Desemba 2022 na lina hazina ya sauti za bure za Muse Sounds, ikiwemo kwaya inayoimba "aa" na "uu". Ni tamu kusikiliza, lakini hazina hiyo ni nzito kuipakua, na laptopu ya zamani italemewa. Kama mashine yako ina RAM ya GB 4, baki na toleo la 3.6, linafanya kila kitu ambacho kwaya ya parokia au usharika inakihitaji. Na kwa mazoezi mimi huweka sauti ya piano hata pale ambapo sauti ya kwaya ipo, kwa sababu piano hugonga mwanzo wa kila nota na mwimbaji anajua pa kuingilia.

Ziweke pembeni yake zile kubwa za kulipia. Sibelius, iliyoanzishwa na ndugu wawili Waingereza mwaka 1993, ina toleo la bure liitwalo Sibelius First, lakini linaishia ala nne. Soprano, alto, tenori na besi zinaenea, ila ukitaka kuongeza kinanda umekwama. Dorico SE ya kampuni ya Steinberg nayo ni ya bure, inafika ala nane, na uchapaji wake ni nadhifu sana. Ugumu wake ni kwamba ina mantiki yake ya kuandika ambayo mwanafunzi mpya huchukua wiki kuizoea. Mtu anayetaka kuchapa kitabu cha nyimbo aitazame. Kwa mwalimu anayetaka klipu nne za sauti kabla ya Jumamosi, MuseScore inatosha na inabaki.

Finale ina habari yake. Watunzi wengi wa kwaya wana nyimbo zao humo. Agosti 2024 waliokuwa wakiitengeneza, MakeMusic, walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza, baada ya miaka 35. Kama una kompyuta ambayo Finale bado inafunguka, tenga siku moja ukatoe kila wimbo kwa muundo wa MusicXML, ambao programu zote nilizozitaja zinausoma. Siku mashine hiyo itakapokufa, mafaili ya Finale yaliyobaki peke yake yatakuwa kama kabati lisilo na ufunguo.

Sasa lile la alto peke yake. Nota za kwaya mara nyingi huandikwa kwa kubana: soprano na alto mstari mmoja wa juu, tenori na besi mstari wa chini. Macho yanafurahi, lakini kichanganyio cha sauti cha programu huzima mstari mzima, hakimtenganishi alto na soprano. Tiba ni kuongeza mistari mitupu chini yake, kuchagua vipimo vyote (visehemu vilivyotengwa kwa mistari wima), kisha kwenye menyu ya Tools ubonyeze Explode. Sauti zinashuka kila moja kwenye mstari wake. Au anza na mistari minne tangu mwanzo, kama mimi. Halafu fungua kichanganyio, acha alto ijae, zishushe nyingine tatu zisikike kwa mbali, na toa MP3. Usizizime kabisa. Alto aliyejifunza peke yake wiki nzima huibiwa na soprano dakika ya kwanza wanapokutana. Aliyezisikia sauti nyingine kwa mbali anajua nafasi yake. Kwa ubora wa 128 kbps, dakika moja ya MP3 ni kama MB 1, bando la mtu haliumii.

Kuskani: lini kunaokoa muda na lini kunakula muda

Kwa simu, PlayScore 2 ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka kusikia tu. Unapiga picha ya ukurasa, ndani ya muda mfupi unausikia, kwenye Android na iPhone. Ukitaka kutoa faili la MusicXML au midi ili ukalifanyie kazi kwenye kompyuta, hapo kuna malipo ya kujisajili. Mwimbaji anayejua kusoma kidogo na anataka kuhakikisha kama ameimba sawa, hii inamtosha. Kwa mwalimu wa kwaya nzima haitoshi, kwa sababu utataka kusahihisha.

Kwenye kompyuta, Audiveris ni ya bure na ni huria. Yenyewe haikuchezei wimbo. Inasoma picha, inakuonyesha ilichokielewa, inakuruhusu kurekebisha, kisha inatoa MusicXML uende nayo MuseScore. Sura yake inatisha mara ya kwanza, imejaa vitufe. Lakini ina jambo moja ninalolipenda: maneno ya wimbo huyasoma kwa msaada wa Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, na Tesseract ina faili la lugha ya Kiswahili. Liweke, la sivyo "Mwokozi" atakuwa maneno usiyoyajua. Skani kwa DPI 300 (nukta 300 kwa inchi). Chini ya hapo mistari mitano huanza kushikana.

ScanScore ya Ujerumani ni ya kulipia na ni rahisi zaidi kuizoea, kwa sababu inakuwekea picha ya asili na nota ilizosoma juu na chini, ukilinganisha kwa jicho. Imegawanywa kwa idadi ya mistari: toleo dogo husoma sauti moja, la kati hadi nne, la juu bila kikomo. Usinunue lile dogo kwa ajili ya kwaya. Soundslice nayo inasoma picha kupitia kivinjari, haina cha kusakinisha, na kuchezesha kwake ni kuzuri; inataka intaneti isiyokatika na malipo ya kila mwezi, mambo mawili ambayo kwaya nyingi za kwetu hazina kwa pamoja.

Mpaka hapa unaweza kudhani swali ni bure au kulipia. Swali ni usafi wa karatasi. Programu zote hizi zilikuzwa kwa nota zilizochapwa vizuri. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya mtunzi husomwa vizuri sana. Fotokopi iliyozungushwa kutoka parokia moja hadi nyingine, ikakunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala, ni jambo jingine: mkunjo unageuka mstari wa kipimo, doa linageuka nukta, na nukta ya kweli iliyofifia inapotea, kipimo kizima kinasogea. Kosa linaloniudhi kuliko yote ni la tenori. Kila sauti ikiwa na mstari wake, tenori mara nyingi huandikwa kwa ufunguo wa sol wenye kijinamba 8 chini yake, kumaanisha imbeni oktava moja chini. Kijinamba hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kisiposomwa, tenori wanapanda juu ya alto, na wimbo unasikika kama wa watoto. Ukisikia harmonia imejaa kelele huku juu na chini ni patupu, angalia hapo kwanza.

Kipimo changu ni hiki: kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa, hesabu makosa. Yakizidi matano, funga skana na uandike mwenyewe. Wimbo wa vipimo 24 wa sauti nne mimi huuandika kwa saa moja hivi, kwa kibodi ya kompyuta: 5 kwa nota nyeusi, 6 kwa nyeupe, 4 kwa ile yenye mkia mmoja, kisha herufi ya nota. Kusaka makosa 60 yaliyojificha kwenye ukurasa kunachukua zaidi ya hapo, na bado utaacha moja litakalojitokeza Jumapili mbele ya watu.

Nota za mkono, ziandike. PhotoScore & NotateMe Ultimate ya kulipia inatangaza kusoma mwandiko, lakini mwandiko wa mwalimu aliyekuwa akiandika usiku kwa kibatari ni wa kusomwa na macho ya binadamu.

Wenye karatasi za sol-fa

Hapa nawaombea haki, kwa sababu kwaya nyingi za Kiprotestanti, Kenya na Tanzania, zimelelewa na sol-fa: d, r, m, f, s, l, t na nukta zake. Mfumo huu Sarah Glover aliubuni, John Curwen akaueneza karne ya 19, wamisionari wakauleta huku. Skana za nota hutafuta mistari mitano; zikikutana na ukurasa wa herufi na koloni, kwao huo si muziki. Kwa hiyo usilipie skana yoyote kwa ajili ya sol-fa.

Lakini kuna njia ya mkato. Fungua MuseScore, uweke wimbo kwenye ki (key) ya C bila kujali ki yake halisi. Sasa d ni C, r ni D, m ni E, f ni F, s ni G, l ni A na t ni B. Unasoma karatasi na kubonyeza herufi, mikono inazoea ndani ya nusu saa. Ukikuta fe, ni F yenye shapu. Ukikuta ta, ni B yenye flati. Nota yenye kialama cha juu au cha chini, isogeze oktava kwa Ctrl na mshale. Ukimaliza sauti zote nne, chagua wimbo mzima, nenda Tools, kisha Transpose, na uhamishie kwenye ki iliyoandikwa juu ya karatasi yako. Mwisho, kama waimbaji wanataka kuiona sol-fa yao, katika sifa za mstari kuna mitindo ya vichwa vya nota, na mmoja wapo huandika do, re, mi inayohama na ki ndani ya kila kichwa. Nimeona wazee walioikataa "mistari" kwa miaka wakianza kuifuata kwa namna hiyo.

Na jambo dogo ambalo si dogo: faili la midi mara nyingi halionyeshi jina la mtunzi. Kila unapogeuza wimbo, andika jina lake juu ya ukurasa na kwenye jina la faili.

Kutoka sauti kwenda nota

Upande huu matangazo yanapishana zaidi na ukweli, na si kwa sababu watengenezaji ni wavivu. Sauti yenyewe ni ngumu kufumua. Besi akiimba A ya Hz 110, koo lake linatoa pia Hz 220, 330, 440 na kuendelea. 440 ni A ya soprano. Mashine inasikia zote. Je, soprano ameimba, au ni kivuli cha besi? Ongeza waimbaji wanane kwa kila sauti wasiolingana kabisa, na mwangwi wa kanisa la bati. Halafu kuna mapigo: rekodi inahesabu sekunde, karatasi inahesabu mapigo, na kwaya hai inapumua, inachelewa, inakimbia.

Basic Pitch ya Spotify, iliyotolewa mwaka 2022, ni ya bure na inafanya kazi kwenye kivinjari: unaweka rekodi, inatoa midi. Ni nzuri sana kwa sauti moja au ala moja. Haijui mapigo, kwa hiyo ukiifungua midi yake kwenye MuseScore utakuta nota zimekatwakatwa na kuunganishwa kwa mikia isiyo na maana. Ukirekodi kwa kufuata kipiga mapigo (metronomu), na mwendo wa faili ukalingana nacho, fujo hiyo hupungua sana.

AnthemScore inasakinishwa kwenye kompyuta, inalipiwa mara moja, na ina siku za kuijaribu kabla ya kulipa. Inakuonyesha picha ya sauti kama ramani ya joto na nota ilizokisia juu yake, unafuta na kuongeza. Kwa mtu wa piano inafaa. Klangio na ScoreCloud zinaegemea malipo ya kujisajili. ScoreCloud ina uzuri wake kwa mtunzi anayeimba wazo lake kwenye simu na kutaka kuliona limeandikwa kabla halijamtoka.

Programu ya Moises na nyingine za aina yake hutenganisha sauti za watu na ngoma, gitaa la besi na ala nyingine. Ni msaada mkubwa kwa rekodi za kwaya zenye bendi. Lakini zana ya aina hii kwa kawaida huwatoa waimbaji wa kwaya kwa pamoja. Usitarajie ikupe alto peke yake.

Kundi ninalolitegemea zaidi ni lile lisilokuandikia kitu. Audacity ni ya bure, na inapunguza mwendo bila kushusha kimo cha sauti. Transcribe! ya Seventh String inalipiwa mara moja, na inafanya hivyo kwa ustadi zaidi: unazungushia sekunde mbili, zinajirudia polepole, na chini yake kibodi inaonyesha nguvu ya kila nota. Sikio lako linaamua. Ukinipa fedha ya kununua programu moja tu ya upande huu, nanunua hiyo.

Mwaka jana nililetewa kanda ya kaseti ya kwaya yetu ya zamani. Niliiingiza kwenye kompyuta, nikakaa na kinanda, na kila nota ikawa katikati ya funguo mbili. Kinasa sauti cha enzi hizo kilikuwa kimekimbia kidogo. Hili lirekebishe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kile kifaa cha Audacity kinachobadilisha mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja, mpaka wimbo ukae kwenye kinanda. Programu inayogeuza sauti kuwa nota yenyewe, nilipoipa rekodi nzima, ilinirudishia nota zilizorundikana kama kuni. Nilirudi kwenye sikio. Soprano ilipatikana jioni moja. Besi ilichukua siku tatu, ikipunguzwa mwendo hadi nusu. Tenori niliipata kwa kukisia kilichobaki. Alto ilifunikwa kabisa.

Nikaenda kwa mama mmoja aliyeiimba alto hiyo wakati ule, sasa ana miaka zaidi ya 70. Nilimwamkia, akaniweka sebuleni, akakataa kipiga mapigo, akasema mguu wake unatosha. Aliimba alto yake mwanzo hadi mwisho, kiitikio na mabeti mawili, kwenye simu yangu, bila kuangalia popote. Basic Pitch ikaisoma karibu yote, maana safari hii ilikuwa sauti moja, chumba kimoja, bila mwangwi. Nilipomchezea sauti nne pamoja kutoka MuseScore alisikiliza hadi kipimo cha kumi, akaninyooshea kidole: "Mwanangu, hapo umeandika ti. Sisi tulishuka la."

Nimeibadilisha. Beti la tatu hakulikumbuka, na kwenye kanda limekatika. Amenielekeza kwa mwenzake aliyehamia Dodoma, nami nitakwenda na simu ileile.